Miguu Minne ya Kasha

“Binti, na hii mashine inapumulia wapi?”

Swali hilo aliliuliza mshona nguo, jirani wa kiwanda cha uchapaji, miezi minane kabla ya moshi. Alikuwa amesimamisha cherehani yake barazani ili amtazame fundi akiifunga kompyuta ndani ya kasha la mbao. Swali lenyewe hakuna aliyeliandika popote. Waliolikumbuka walikuwa wawili tu, aliyeuliza na aliyejibu. Na aliyejibu, Jumatatu hii asubuhi, alikuwa amekaa sakafuni mahabusu kwa siku ya tatu, bila viatu.

Inspekta aliyekabidhiwa jalada lake alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kituo kizima, kuanzia askari wa zamu hadi mfagizi, walimwita Shangazi. Alilisoma jalada akiwa amesimama. Hakuhitaji kiti, kwa sababu ndani mlikuwa na karatasi mbili tu na picha moja. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya mtaalamu: “Chanzo cha moto ni feni ya pawa saplai kufungwa ikitazama chini. Kosa ni la fundi.” Ya pili ilikuwa maelezo ya mtuhumiwa: “Ni kweli feni niliielekeza chini mimi mwenyewe.” Sahihi, tarehe, basi.

Akaenda nalo hadi ofisini kwa Mkuu wa kituo.

“Na hiki ndicho mnachompeleka nacho mtu mahakamani?”

“Shangazi, amekiri,” Mkuu alisema bila kuinua macho. “Unataka akuimbie? Mzee wa watu aliyevuta moshi yuko hospitali anapumua kwa mpira. Saa nane gari linaondoka.”

“Amekiri nini?”

“Feni. Chini.”

“Wewe unajua feni ya pawa saplai inatakiwa itazame wapi?”

Mkuu akainua macho.

“Hata mimi sijui,” Shangazi alisema. “Na aliyeandika maelezo haya hajui. Tumemfungia mtu siku tatu kwa kosa ambalo kituo kizima hakuna anayeweza kulieleza. Mungu anatuona, Afande.”

“Saa nane,” Mkuu akasema.

“Nimesikia. Sasa ni saa tatu.”

Mahabusu ilinuka dawa ya sakafu. Fundi aliinuka alipoona nyota za begani. Mtaani walimwita Bisibisi, kwa sababu siku zote alikuwa na bisibisi moja ameichomeka kwenye nywele kama kitana. Leo nywele zilikuwa zimefumuka, na bisibisi hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni kaunta, pamoja na begi lake la vifaa.

“Viatu vyake viko wapi?” Shangazi alimuuliza askari.

“Kaunta, Shangazi.”

“Mrudishie. Amefunga kompyuta, hakuua mtu kwa kiatu.” Kisha akamgeukia Bisibisi. “Nieleze habari ya feni. Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la tatu.”

“Pawa saplai ni boksi la chuma linalogawa umeme kwa mashine nzima,” Bisibisi alisema. “Linapata joto, kwa hiyo lina feni ya kuvuta hewa. Upande wa feni ndio pua yake. Ukilifunga una njia mbili. Pua itazame juu, ivute hewa ya ndani ya kasha. Au itazame chini, ivute hewa ya nje kupitia matundu ya sakafu ya kasha.”

“Ipi ndiyo sahihi?”

“Inategemea kasha limekaa wapi. Kama chini hakuna matundu, au limelala juu ya zulia, unaielekeza juu. Itavuta hewa yenye joto, lakini afadhali hiyo kuliko kukosa kabisa. Kama chini pana matundu na nafasi, unaielekeza chini, inapata hewa baridi. Ile mashine ina kadi ya picha yenye joto kama pasi. Ningeitazamisha juu, ingeshinda inavuta pumzi ya kadi. Kwa hiyo nilichora kasha mwenyewe, seremala akalichonga. Matundu chini, wavu wa kuzuia vumbi, na miguu minne ya mbao yenye raba, mirefu vidole vitatu. Sakafu yao ilikuwa vigae vitupu.”

Shangazi aliitazama tena karatasi ya maelezo. “Mbona miguu humu haimo?”

“Nilimwambia. Akasema jibu ulichoulizwa, juu au chini? Nikasema chini. Akasema tia sahihi.”

Askari mlangoni akayatazama mabuti yake.

Shangazi akatoka kupiga simu. Aliporudi akatoa picha iliyopigwa Jumamosi, siku ya moto. Kasha lilionekana chini ya meza, nyuma limeungua, limelala bapa juu ya zulia la kijivu. Bisibisi aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na dirisha.

“Shangazi,” alisema taratibu, “miguu iko wapi?”

“Hilo nakuuliza wewe. Nimempigia simu mwenye kiwanda sasa hivi. Anasema kasha lilikuja hivyo hivyo, halikuwahi kuwa na miguu. Na anasema ulirudi pale Alhamisi na begi lako. Siku mbili kabla ya moto.”

“Nilirudi kusafisha wavu. Hakuniruhusu kuingia.”

“Shahidi?”

“Wa kuingia hayupo, kwa sababu sikuingia. Wa miguu yupo. Muulize mshona nguo wa mlango wa pili. Muulize habari ya ndala yake.”

Shangazi alitia sahihi ya kumtoa mtuhumiwa kwa uchunguzi, akachukua begi la vifaa pale kaunta, akampandisha Bisibisi kwenye gari pamoja na askari mmoja. Njiani alilipekua begi. Kila kitu kilikuwa mahali pake: bisibisi kwa ukubwa, brashi ya vumbi, kitambaa safi. Mkanda wa begi ulikuwa umekatika ukashonwa upya kwa uzi wa bluu.

Kiwanda kilikuwa mwisho wa mtaa wa maduka. Chumba cha mbele kilikuwa cha mitambo, cha nyuma cha kompyuta, na juu ilikuwa ofisi ya mwenyewe. Mshona nguo alikuwa barazani kwake, mguu juu ya pedeli. Alipomwona Bisibisi kwenye gari akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Bado mmemshikilia tu?” alimwambia Shangazi badala ya salamu. “Hamna wezi?”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nilikuwa naandaa matusi, sasa umeniharibia.”

“Nimeambiwa nikuulize habari ya ndala.”

Mzee akacheka mara moja, cheko lisilo na furaha. “Nilimuuliza, binti, na hii mashine inapumulia wapi? Maana kila nilipotazama naona ubao mtupu. Akasema, baba, nipe ndala yako. Nikampa. Akaisukuma chini ya kasha, ikapita upande mmoja ikatokea wa pili. Akasema, ndala yako ikipita, na hewa inapita. Siku utakayoona imekwama, niite mbio.”

“Ndala yenyewe?”

“Hii hii. Mimi si mtu wa kubadilisha ndala.”

“Na Alhamisi aliingia mle ndani?”

“Aingie wapi? Alisimama mlangoni na begi lake, mwenyewe akamwambia ana wageni, asimjazie vumbi. Akaja kukaa hapa kwangu. Mkanda wa begi ulikuwa umekatika, nikaushona, akaenda zake.”

“Uzi wa rangi gani?”

“Bluu. Ndio uliokuwa kwenye mashine.”

Shangazi aliandika. “Mtaalamu aliyekuja Jumamosi kukagua, ulimwona?”

“Mtaalamu?” Mzee alimtazama kama mtu aliyetaniwa msibani. “Yule si mpwa wa mwenye kiwanda! Mtoto wa dada yake. Alikuja na miwani ya jua, akasimama kizingitini, akaziba pua, akaandika, akaondoka. Hata goti hakupiga.”

Kalamu ya Shangazi ilisimama. Karatasi ya kumfungia mtu wa watu ilikuwa imeandikwa na mpwa, kizingitini, amevaa miwani ya jua, na kituo kikaipokea kwa mikono miwili.

“Baba, niazime ndala.”

“Chukua ya kushoto. Ya kulia imechoka, imelala mno, itakudanganya.”

Chumba cha kompyuta bado kilinuka plastiki iliyoyeyuka. Meza ilikuwa mpya, nene, yenye uwazi upande wa kulia wa kuficha kasha. Zulia la kijivu lilitandazwa ukuta hadi ukuta, na nyuma ya kasha palikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa sahani. Shangazi alipiga magoti, akasukuma ndala chini ya kasha. Haikuingia hata ncha.

“Ligeuze,” alimwambia askari.

Waliligeuza pamoja. Sakafu ya kasha ilikuwa imepakwa vanishi, isipokuwa penye duara nne, moja kila pembe, mbao nyeupe, safi, na katikati ya kila duara tundu la skrubu. Seremala alikuwa amefunga miguu kwanza, akapaka vanishi baadaye. Mahali palipokaa miguu, brashi haikufika.

“Kumbe ilikuwepo,” askari alisema.

“Kumbe,” Shangazi alisema. “Ungekuwa umeinama Jumamosi ungeiona.”

Alivuta wavu wa vumbi. Ulitoka mzito. Badala ya vumbi laini la karatasi ulikuwa umejaa manyoya ya kijivu, yameshikana kama blanketi. Feni ilikuwa imevuta zulia mpaka ikazibwa pumzi. Akachukua rula, akapima uwazi wa meza, kisha kasha. Kasha bila miguu lilipita, likabakiza upana wa kidole kimoja. Miguu ilikuwa vidole vitatu.

Upande wa pili wa chumba palikuwa na meza ndogo ya mzee aliyelazwa. Alikuwa mhakiki wa prufu, kaka mkubwa wa mwenye kiwanda, mwenye pumu ya miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kutafuta makosa ya watu kwa kalamu nyekundu. Daftari lake la kazi lilikuwa pale, linanuka moshi lakini halikuungua. Shangazi alifungua wiki iliyopita.

Jumanne: “Meza mpya na zulia vimeletwa.” Jumatano: “Mashine imejizima mara mbili. Haijawahi.” Alhamisi: “Fundi kaja kusafisha wavu. Mdogo wangu kamrudisha mlangoni.” Ijumaa: “Imejizima mara nne, pana harufu. Nimemwambia mdogo wangu aite fundi. Amesema, washa tena.”

Neno “tena” lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu.

Shangazi aliliweka daftari kwenye bahasha, akaitia lakiri. Kisha akatoka akamwita Bisibisi.

“Njoo na begi lako. Utasimama mlangoni, hutasema kitu mpaka nikuulize.”

Ofisi ya juu ilikuwa na meza ya aina ile ile, zulia lile lile. Mwenye kiwanda alikuwa mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Alisimama, akanyoosha mkono, akauona uso wa Bisibisi mlangoni, akaurudisha mkono mfukoni.

“Inspekta, huyu wa nini hapa? Kaka yangu yuko hoi kwa sababu yake.”

“Nimekuja kwa swali moja. Kasha lilikuja na miguu?”

“Nilishakwambia kwenye simu. Lilikuja limelala hivyo hivyo.”

“Una hakika.”

“Naapa kwa Mungu.”

“Usimwingize Mungu kwenye habari ya mbao,” Shangazi alisema. “Muda si mrefu utamhitaji kwa mengine.”

Alitembeza macho chumbani. Pazia, saa ya ukutani, cheti kwenye fremu. Chini ya meza, ndani ya uwazi ule ule, kompyuta mpya ilikuwa inanguruma. Pembeni palikuwa na friji ndogo ya soda, nyeupe, na kati ya friji na zulia palikuwa na mwanga.

Shangazi aliinama, akasukuma ndala ya mshona nguo chini ya friji. Ikapita upande mmoja ikatokea wa pili.

Mwenye kiwanda aliitazama ndala kama aliyeona nyoka.

“Inua,” Shangazi alimwambia askari.

Askari aliinua friji kwa kifua. Chini yake palikuwa na vipande vinne vya mbao, vya duara, vyenye raba chini, na skrubu bado zimechomoza juu. Shangazi aliokota kimoja kwa kitambaa, akamwonyesha Bisibisi.

“Unakijua?”

“Ni mguu wa kasha langu.”

“Tazama skrubu. Uliitoa wewe?”

Bisibisi alisogea hatua moja. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimechubuliwa, mfereji wake umepasuka, na mbao imekwaruzwa pande zote.

“Hii imefunguliwa kwa kisu cha mezani,” alisema. “Mimi nina bisibisi saba.”

Mashine chini ya meza iliendelea kunguruma.

“Nilitaka ofisi ipendeze tu,” mwenye kiwanda alisema mwishowe. “Wageni walikuwa wanakuja. Meza imeshafika, kasha likagoma kuingia. Nikaona ile miguu ni urembo wa seremala.”

“Na friji?”

“Juu ya zulia ilikuwa inapata joto. Nikasema ile miguu isipotee bure.”

“Kaka yako alikwambia imejizima.”

“Hakusema hivyo hasa.”

Shangazi alitoa karatasi aliyonakili kutoka daftarini, akasoma kwa sauti ya kawaida. “Ijumaa. Imejizima mara nne, pana harufu. Nimemwambia mdogo wangu aite fundi. Amesema, washa tena.” Akaikunja. “Haya aliyaandika nani?”

Mwenye kiwanda akakaa. Kiti kililia.

“Friji uliipa nafasi ya kupumua,” Shangazi alisema. “Soda zako. Kaka yako, mgonjwa wa pumu, ukamwambia awashe tena. Na moshi ulipotoka ukamtafuta wa kumbebesha. Ukamwita mtoto wa dada yako aandike mistari miwili, ukamwacha mtoto wa mwenzio alale sakafuni siku tatu.”

“Nilijua atatoka tu, Inspekta. Hao mafundi wana watu wao. Siku mbili tatu, mambo yanapoa, hakuna aliyeumia sana…”

“Hakuna aliyeumia?”

Shangazi alisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba askari aliiweka friji sakafuni polepole asikose neno. Mwenye kiwanda alitazama dirishani, upande wa hospitali.

Shangazi alipiga simu hapo hapo.

“Mkuu? Lifunge jalada la yule fundi, andika kwamba hana kesi. Nifungulie mengine mawili, la taarifa ya uongo na la uzembe uliojeruhi. Mpwa naye atafutwe, mwambie avue miwani. Na yule aliyeandika maelezo nusu anisubiri ofisini kwangu.” Akasikiliza. “Gari la saa nane liondoke kama kawaida, Afande. Abiria tu ndiye amebadilika.”

Akakata simu, akamgeukia Bisibisi. “Uko huru. Miguu nitakaa nayo kama kielelezo. Hesabu vifaa vyako, utie sahihi hapa.”

Bisibisi alivihesabu juu ya kabati, kimoja kimoja, akatia sahihi. Akaichukua ile bisibisi ya siku zote, akaichomeka kwenye nywele.

Mwenye kiwanda alikuwa amejipangusa uso. Alijaribu kutabasamu.

“Binti yangu,” alisema, “haya ni mambo ya kibinadamu, tusiwekeane kinyongo. Wewe ndiye unayejua kazi.” Akaelekeza kidole chini ya meza, kwenye ile mashine iliyokuwa inanguruma juu ya zulia. “Hii mpya ameifunga mpwa wangu. Na yenyewe tangu asubuhi imejizima mara moja. Hebu niambie tu, feni yake ielekee wapi?”

Hata askari alimgeukia.

Bisibisi akapiga magoti pale pale juu ya zulia, akaweka kiganja ubavuni mwa kasha, akakiondoa haraka kwa joto. Akanyoosha mkono hadi ukutani, akaizima soketi, akachomoa plagi. Ngurumo ikafifia, ikafa. Aliuviringisha waya vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, kama anavyoviringisha waya wa mteja anayemheshimu, akauweka mezani mbele ya mwenye kiwanda. Akaokota ndala ya mshona nguo, akatia begi begani, akatoka.